Baada ya Kishindo: Soko la Hisa na Hadaa ya Siku Moja

Utangulizi

Wahenga wa Waswahili waliacha methali kwa karibu kila tukio, na mara nyingine wakaacha mbili zisizopatana. Dalili ya mvua ni mawingu, walinena. Maana yake ni kuwa lililoanza kuonekana litaendelea hadi litimie. Hao hao wakanena kuwa baada ya dhiki faraja. Maana yake ni kuwa lililozidi ubaya halina budi kugeuka. Msikilizaji makini hutambua kwamba kila moja ina mahali pake. Tatizo huzuka pale mtu anapolazimika kuchagua mojawapo huku fedha za karo ya mtoto zikiwa mizanini.

Uchaguzi wa aina hiyo humkabili mwenye hisa kila bei zinapoporomoka au kupaa kwa ghafla. Kesho yake, watu hugawanyika katika kambi mbili. Wa kambi ya kwanza husema mawingu yametanda, heri kuuza kabla ya gharika. Wa kambi ya pili husema dhiki imefika ukingoni, heri kununua kabla faraja haijapanda bei. Makala haya yanashikilia kuwa kambi zote mbili hudai kujua lisilojulikana, na kwamba methali inayofaa zaidi ni ya tatu: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Linaloweza kutabiriwa baada ya kishindo ni kuendelea kwa mshtuko wenyewe. Mwelekeo wa bei, juu au chini, ni jambo jingine kabisa.

Vishindo vinne vya New York

Ushahidi bora unapatikana katika soko la New York, ambalo kumbukumbu zake ni ndefu. Kipimo kinachotumika sana huko ni fahirisi ya Dow Jones, ambayo hujumlisha bei za hisa za kampuni kubwa 30.

Mnamo tarehe 28 Oktoba 1929 fahirisi hiyo ilishuka kwa takriban asilimia 13. Siku iliyofuata ikashuka tena kwa asilimia 12. Tarehe 30 ikapanda kwa asilimia 12, na wengi wakashusha pumzi. Baada ya kuteremka tena hadi katikati ya Novemba, bei zilianza kupanda, na kufikia Aprili 1930 fahirisi ilikuwa imeongezeka kwa karibu nusu. Aliyeamini kuwa baada ya dhiki faraja alionekana kuwa mwenye hekima. Kumbe dhiki yenyewe ilikuwa haijaanza. Kufikia Julai 1932 fahirisi ilikuwa imepoteza asilimia 89 ya thamani iliyokuwa nayo katika kilele cha Septemba 1929. Kilele hicho hakikufikiwa tena hadi Novemba 1954, mwaka ule ule ambao Soko la Hisa la Nairobi liliasisiwa.

Kishindo cha pili kilisikika Jumatatu, tarehe 19 Oktoba 1987. Siku hiyo moja fahirisi ilianguka kwa asilimia 22.6, na hadi leo hakuna siku iliyoipita kwa ubaya. Wale waliokumbuka mwaka wa 1929 walijiandaa kwa miaka ya njaa. Lakini Jumanne bei zilipanda kwa karibu asilimia 6, na Jumatano kwa asilimia 10. Jumatatu iliyofuata zikashuka tena kwa asilimia 8. Hatimaye mwaka ulipokwisha, fahirisi ilikuwa juu kidogo ya mahali ilipouanzia mwaka huo, na chini ya miaka miwili baadaye ikapita kilele chake cha awali. Waliouza kwa kuogopa mawingu walijuta.

Kishindo cha tatu ni cha mwaka wa 2008. Tarehe 29 Septemba fahirisi ilishuka kwa asilimia 7. Tarehe 13 Oktoba ikapaa kwa asilimia 11. Siku mbili baadaye ikaanguka kwa karibu asilimia 8, na tarehe 28 mwezi huo huo ikapaa tena kwa karibu asilimia 11. Mtu aliyenunua jioni ya tarehe 13 Oktoba, akishangilia siku njema kuliko zote zilizoonekana kwa miongo mingi, alikuwa amepoteza takriban asilimia 30 ya fedha zake kufikia Machi 2009. Kilele cha mwaka wa 2007 hakikupitwa hadi mwaka wa 2013.

Cha nne kililetwa na ugonjwa wa Korona. Tarehe 12 Machi 2020 fahirisi ilishuka kwa asilimia 10, kesho yake ikapanda kwa zaidi ya asilimia 9, kisha tarehe 16 ikaanguka kwa karibu asilimia 13. Tarehe 24 ikapaa kwa zaidi ya asilimia 11. Safari hii faraja ilikuja upesi: kufikia Novemba mwaka huo huo kilele cha Februari kilikuwa kimepitwa.

Vishindo hivi vinne vikiwekwa pamoja, mambo mawili yanajitokeza bayana. Kwanza, majuma ya mwanzo yanafanana mno. Kila mara pana kuanguka, kupaa, na kuanguka tena, na siku za faida kubwa zimekaa ubavuni mwa siku za hasara kubwa. Pili, miisho yake haifanani hata kidogo. Mmoja ulichukua miaka 25, mwingine miaka miwili, mwingine zaidi ya mitano, na mwingine miezi tisa. Mtu aliyesimama katika juma la kwanza la mojawapo ya matukio haya hangeweza kujua, kwa kutazama bei pekee, yumo katika hadithi ipi.

Kinachodumu ni msukosuko

Wataalamu waliligundua hili kwa njia yao. Mnamo mwaka wa 1963 Benoit Mandelbrot, aliyechunguza bei za pamba, alieleza kuwa mabadiliko makubwa ya bei hufuatwa na mabadiliko makubwa, yawe ya kupanda au ya kushuka, na madogo hufuatwa na madogo. Mnamo mwaka wa 1982 Robert Engle alibuni njia ya kihisabati ya kupima tabia hiyo, na mwaka wa 2003 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Kiini cha kazi yao chaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi: utulivu huzaa utulivu, na rabsha huzaa rabsha.

Mfano wa tetemeko la ardhi unasaidia zaidi. Fusakichi Omori, mtaalamu wa Japani, alionyesha mwaka wa 1894 kwamba baada ya tetemeko kubwa ardhi huendelea kutetemeka, na kwamba matetemeko hayo madogo hupungua kwa utaratibu maalumu: kwa haraka mwanzoni, kisha polepole kwa muda mrefu. Takriban karne moja baadaye, mwaka wa 2003, wanafizikia Fabrizio Lillo na Rosario Mantegna walionyesha kuwa msukosuko wa soko baada ya anguko kubwa hupungua kwa mtindo unaofanana na huo. Aliyenusurika tetemeko halali ndani ya nyumba yenye nyufa usiku ule ule kwa kuwa ardhi imetulia kwa saa moja. Wala haihami nchi. Hulala uani kwa siku kadhaa, akisubiri.

Kwa nini soko hutetemeka hivyo? Sababu ya kwanza ni mikopo. Wapo wanaonunua hisa kwa fedha za kukopa, na hisa zenyewe ndizo dhamana. Bei ikianguka, dhamana hupungua, na mkopeshaji hudai nyongeza au huziuza hisa. Mauzo hayo huishusha bei zaidi na kuwagusa wakopaji wengine. Sababu ya pili ni uhaba wa wanunuzi. Siku ya kishindo, wale ambao kwa kawaida husimama tayari kununua na kuuza hujiondoa, hivyo agizo dogo linaweza kuisogeza bei mbali. Ya tatu ni mitambo. Mwaka wa 1987 taasisi kubwa za Marekani zilikuwa zikitumia mbinu iliyoagiza kuuza kadiri bei zinavyoshuka; kila mmoja alidhani amejikinga, lakini walipokimbilia mlango mmoja kwa pamoja, kinga ikageuka kuwa balaa. Ya nne ni binadamu mwenyewe: aliyeumwa na nyoka hushtushwa na unyasi, na soko lililojaa watu walioumwa hushtushwa na kila uvumi.

Hapa yafaa kutenganisha soko zima na hisa moja moja. Hisa ya kampuni moja inaporuka au kuanguka kwa sababu ya habari ya kweli, kwa mfano tangazo la faida au hasara, tafiti nyingi zimeonyesha kuwa bei huelekea kusogea zaidi upande ule ule kwa muda, kana kwamba soko linaimeza habari kwa mafunda madogo. Inapoanguka bila habari yoyote, mara nyingi hurudi angalau kwa sehemu. Nao Werner De Bondt na Richard Thaler walionyesha mwaka wa 1985 kuwa hisa za Marekani zilizokuwa zimeshuka kupita zote kwa miaka kadhaa zilielekea, kwa wastani, kuzipita zile zilizokuwa zimepanda mno. Kwa hiyo methali zile mbili hazikosi chembe ya ukweli. Lakini neno "kwa wastani" hubeba mzigo mkubwa. Wastani hupatikana kwa kununua hisa nyingi kwa miaka mingi, na mwananchi mwenye hisa za kampuni moja hamiliki wastani.

Fauka ya hayo, ipo hesabu ambayo wengi huisahau. Hisa ya shilingi 100 ikishuka kwa asilimia 20 inabaki shilingi 80. Ikipanda kwa asilimia 20 haifiki 100 bali 96. Ikipoteza nusu ya thamani yake inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ndipo irudi ilikokuwa. Kwa hiyo taarifa kwamba soko limeanguka kwa asilimia 10 leo na kupanda kwa asilimia 10 kesho haimaanishi kuwa hakuna aliyepoteza.

Nairobi: somo la bei ya shilingi tano

Wakenya walilipata somo hili kwa gharama. Mwaka wa 2006 hisa za kampuni ya umeme ya KenGen ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90. Zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ilipanda zaidi ya maradufu. Umma ukahitimisha kuwa hisa mpya ni sawa na mbegu iotayo usiku mmoja. Mwanzoni mwa mwaka wa 2007 fahirisi ya kampuni 20 za Nairobi ilipita alama 6,000, na imani hiyo ikaota mizizi.

Kisha ukaja mwaka wa 2008. Hisa bilioni 10 za Safaricom zilitolewa kwa shilingi 5 kila moja. Zaidi ya watu laki nane walituma maombi, wengi wakiwa hawajawahi kumiliki hisa, na baadhi yao wakiwa wamekopa benki. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa mara kadhaa, hivyo wengi walipewa sehemu tu ya walizoomba, ilhali riba ya mkopo ilihesabiwa kwa mkopo wote. Siku ya kwanza, tarehe 9 Juni, bei ilivuka shilingi 7, na imani ikaonekana kuthibitishwa. Lakini kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya zile shilingi 5. Mwanzoni mwa mwaka wa 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3, na fahirisi ya soko ilikuwa chini ya alama 3,000.

Chukua mfano wa mtu aliyepata hisa 2,000. Alilipa shilingi 10,000. Bei ilipofika shilingi 3, alikuwa na shilingi 6,000 na deni la benki mlangoni. Hakuwa na nafasi ya kungoja, kwa kuwa deni halingoji. Akauza. Mwenzake aliyenunua kwa akiba isiyo na kazi nyingine aliweza kuzisahau hisa zake. Mwaka wa 2021 bei ilivuka shilingi 40. Wawili hawa hawakutofautiana kwa busara wala kwa uwezo wa kutabiri. Walitofautiana kwa aina ya fedha walizotumia.

Hata hivyo, hadithi hii isitumiwe kuthibitisha kuwa subira huvuta heri kila mara. Kufikia mwaka wa 2023 hisa hiyo hiyo ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 20. Aidha, wapo Wakenya waliosubiri hisa za kampuni nyingine ambazo hazikuinuka tena. Subira ni fadhila pale tu kampuni inapokuwa hai na mtu anapokuwa na chakula wakati wa kusubiri.

Lango lifungwapo

Watawala wa masoko hawakukaa kimya. Baada ya anguko la mwaka wa 1987, Marekani iliweka utaratibu wa kusimamisha biashara kwa muda bei zinaposhuka kupita kiasi. Utaratibu huo ulitumika mara nne katika Machi 2020. Nairobi nayo imeweka mpaka wa asilimia 10 ambao bei ya hisa kwa kawaida haiwezi kuupita kwa siku moja. Tarehe 13 Machi 2020, siku ambayo kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa nchini Kenya, biashara ilisitishwa fahirisi ya kampuni 20 iliposhuka kwa zaidi ya asilimia 5.

Wapo wanaodai kwamba hatua hizi huahirisha tu msiba, na kwamba watu hukimbilia kuuza wakihofia lango litafungwa. Hoja hiyo ina uzito. Mpaka wa bei hauondoi hasara. Huigawa tu iwe ya siku kadhaa, na muuzaji anaweza kukaa na hisa zake asipate mnunuzi. Lakini hoja yenyewe inasahau kuwa soko la Nairobi ni dogo. Wanunuzi ni wachache, wawekezaji wa kigeni wana sehemu kubwa ya biashara, na mwaka wa 2021 kampuni moja ya simu ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Katika soko la namna hiyo, dakika 30 za kunyamaza humpa mwananchi nafasi ya kuuliza kilichotokea kabla ya kuuza. Lakini nafasi hiyo haina faida iwapo hakuna wa kumjibu kwa lugha anayoielewa.

Lugha ya soko

Hapo ndipo wasomi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Nyaraka za matoleo ya hisa kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza kizito cha wanasheria. Mwananchi hupata Kiswahili katika tangazo la biashara linalomhimiza kununua, na katika taarifa ya habari inayomwambia kuwa hisa zimeporomoka. Anahimizwa kwa Kiswahili na kutahadharishwa kwa Kiingereza. Nchi ambayo Katiba yake ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi haistahili kuridhika na hali hiyo.

Aidha, Kiswahili kinachotumika mara nyingi hakipimwi. Neno "kuporomoka" hutumika kwa bei iliyoshuka kwa asilimia 2 na kwa iliyoshuka kwa asilimia 20. Lugha yenyewe si maskini. Ina kupungua, kushuka, kuteremka, kudidimia, kuporomoka na kuanguka, na kila kitenzi kina kasi yake na kina chake. Mwanahabari anayetumia kitenzi cha mwisho kwa jambo la kwanza anatia unyasi uhai wa nyoka. Vivyo hivyo, husemwa kuwa "soko limepata nafuu" siku moja baada ya anguko, kana kwamba ni mgonjwa aliyemeza dawa. Istiari hiyo hubeba utabiri ndani yake: mgonjwa aliyepata nafuu anatarajiwa kupona. Lakini soko la tarehe 30 Oktoba 1929 lilipata nafuu ya asilimia 12, na miaka mitatu ya maangamizi ikafuata. Ingetosha kusema kuwa bei zimepanda, kwa kiasi gani, na kwamba bado zinayumba.

Hitimisho

Imebainika kuwa kishindo cha siku moja hakisemi bei zinakokwenda. Husema tu kwamba siku zijazo zitakuwa za misukosuko, na kwamba misukosuko hiyo itapungua polepole. Kutokana na ukweli huo mdogo, mwongozo unaofaa kwa mwananchi wa kawaida ni mdogo pia: asinunue hisa kwa deni wala kwa fedha za karo; asiweke akiba yote katika kampuni moja; na siku ya kishindo, iwe cha hasara au cha faida, asiamue lolote kabla ya kuuliza kama kuna habari mpya kuhusu kampuni au ni kelele za soko pekee.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina jukumu hapa ambalo haliwezi kuachiwa wachumi peke yao. Kuandaa kijitabu cha kurasa chache kinachoeleza hisa, fahirisi, gawio, dhamana na msukosuko kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka ni kazi inayowezekana katika muhula mmoja. Wale laki nane waliopanga foleni mwaka wa 2008 hawakuwa wajinga. Walikuwa watu walioambiwa nusu ya habari katika lugha yao, nayo ilikuwa nusu tamu. Toleo jingine kubwa la hisa linapokuja, nusu ile nyingine iwe imekwisha kuandikwa.